SOMO: Mswada wa kaunti, jinsi ya kupeleka maoni yasomwe kweli

Nimechoka jamani. Kila Mswada wa Fedha (ule wa kodi na ada za kaunti) ukitoka inboksi yangu inajaa swali moja tu, "maoni tunapeleka wapi", na mimi najibu mmoja mmoja mpaka chaji inaisha. Sasa nimeandika hapa, ukiniuliza tena nakutumia linki. Naongelea Bunge la Kaunti ya Nairobi, lile la City Hall, si lile la taifa.

1. Pata mswada. Tovuti ya bunge la kaunti ama ofisi ya karani.

2. Jua umefika wapi. Kusomwa mara ya kwanza ni kichwa tu kinasomwa, hakuna mjadala, kwa hivyo ukisikia "umesomwa" usidhani umepita. Kutoka hapo unaenda kwa kamati na kazi yenyewe iko hapo, kamati ndio inachukua maoni ya watu, inaita maafisa, inaandika ripoti. Mara ya pili ndio MCA (wawakilishi wa wadi) wanajadili, alafu bunge zima linakaa kama kamati kupitia kifungu kwa kifungu, mara ya tatu ni kumalizia. Ukiamka mara ya pili umechelewa, MCA wako ataongea vizuri sana, video utaiona, na hakuna kitu imebadilika.

3. Andika maoni. Hapa ndio niliaibika. Sisi wenye vibanda mtaani tulipata PDF kwa WhatsApp, nikakesha siku mbili, nikaandika "tunapinga kifungu cha 14 chote", nikazunguka na karatasi nikapata sahihi 31. Kumbe ile PDF ilikuwa rasimu ya zamani. Kwa mswada uliochapishwa vifungu vilikuwa vimesonga, ile ada ya vibanda tuliyotaka kupinga ilikuwa imehamia 17, na 14 mpya ilikuwa inapunguza malipo ya meza ndogo. Yaani tulipinga kupunguziwa, kwa maandishi, na nambari za vitambulisho juu yake. Mama wa matunda mpaka leo ananiita Kumi na Nne.

Kwa hivyo: angalia ukurasa wa kwanza, uwe na tarehe na nambari ya nyongeza ya Gazeti la serikali (Kenya Gazette Supplement). Kama haina hiyo, hiyo ni rasimu, USIITUMIE. Alafu kila hoja iandike hivi: kifungu namba fulani, kinasema nini, tunataka kiseme nini, kwa sababu gani. "Serikali ituhurumie" si marekebisho, hakuna mahali kamati itaibandika.

4. Peleka kwa karani kabla ya siku iliyotangazwa. Nakala mbili, yako igongwe muhuri.

5. Siku ya kusikizwa enda, sema dakika mbili, kaa.

6. Ripoti ya kamati ikiwasilishwa, itafute uone walisema nini juu ya hoja yenu.

7. Ukipita, spika ana siku 14 kuupeleka kwa gavana, na gavana ana siku 14 kutia sahihi ama kuurudisha.

MASWALI

Boda_Njiru: Sasa maoni tunapeleka wapi?
— Namba 4.

Boda_Njiru: Si ungesema tu hapa, post ni refu
— Nimesema. Namba 4.

Mkazi85: Unapoteza watu wakati bure, hao hupitisha tu.
— Wengine hupitisha tu, sikatai. Lakini mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 juu wananchi hawakushirikishwa vile katiba inataka. Ile karatasi ya muhuri unaiona takataka ndio ushahidi siku hiyo.

Fundi_wa_Viatu: Mkubwa, naweza andika kwa Kiswahili? Kizungu changu ni cha kuombea maji.
— Andika ndugu, kifungu cha 7 cha katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Nambari za vifungu tu usikosee. Nitumie nikuangalilie kabla upeleke, sitaki mwingine aitwe Kumi na Nne.

Shiku_K: Na kama si mswada? Mfano kaunti imebadilisha mpango wa kuzoa taka na hakuna mtu alituuliza.
— Swali poa sana hili. Njia ziko kama tatu. MCA wako anaweza kuomba taarifa bungeni, mwenyekiti wa kamati anatafuta jibu kwa serikali ya kaunti. Kamati yenyewe inaweza kumuita waziri wa kaunti, na kifungu cha 195 cha katiba kinaipa nguvu ya Mahakama Kuu kuita mashahidi na kudai stakabadhi, kwa hivyo si mwaliko wa chai. Ama mpeleke petisheni wenyewe, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 15, inampa mtu yeyote haki hiyo. Alafu fuata pesa: makadirio ya bajeti yanafaa kufika bungeni kufikia 30 Aprili, kama hiyo mipango ya taka haina pesa hapo ni hewa.

Shiku_K: Asante. Na gavana akirudisha mswada?
— Anaurudisha na sababu zake. Bunge likikubali linarekebisha, likikataa linahitaji thuluthi mbili kuupitisha vile ulikuwa, hapo gavana ana siku 7, asipotia sahihi unahesabiwa umetiwa.

Mzee_wa_Saiba: Niongeze kitu, msianze kusoma mswada ukurasa wa kwanza. Anzeni nyuma, pale mwisho kuna maelezo ya malengo na sababu, alafu jedwali. Ada zote zimejificha kwa jedwali.
— Mzee umeua, hiyo ingekuwa namba 1.

Boda_Njiru: Jedwali ni ukurasa gani
— 😐

Mzee_wa_Saiba: Na mkipiga picha ya ile nakala ya muhuri, simameni karibu na dirisha, flashi inafuta tarehe.