Mikumi hadi Ruaha: hifadhi tatu na maeneo mawili ya kale kwa safari moja

Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakufungulia njia ya kwenda kwenye hifadhi tatu za taifa zisizofanana hata kidogo, Mikumi, Milima ya Udzungwa na Ruaha, na maeneo mawili ya kale ambayo wasafiri wengi hupitiliza. Tenga siku sita, tano zinabana. Nenda kati ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu.

Kwanza elewa malipo. Kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, huhesabiwa kwa saa 24, si kwa tarehe. Ukiingia Mikumi saa nane mchana ukalala ndani, unapata jioni hiyo na asubuhi ya kesho yake kwa malipo ya siku moja. Ukiingia alfajiri ukalala ndani, matembezi ya asubuhi ya pili yanakula siku nyingine. Getini fedha taslimu hazipokelewi, kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu au kadi. Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa, la sivyo hana cha kuthibitisha kuwa anastahili kiingilio cha raia. Isimila na Kalenga, yale maeneo mawili ya kale, hayamo ndani ya hifadhi hizi. Kibali cha hifadhi hakikusaidii huko.

Mikumi ni ya gari. Zunguka uwanda wa Mkata asubuhi na jioni, mchana pumzika. Mvua ikinyesha usijaribu njia za pembeni: udongo mweusi wa pale ukilowa hushika tairi kama ugali. Barabara kuu yenyewe inakatiza hifadhi, kwa hiyo punguza mwendo na usishuke garini kupiga picha.

Mji wa Mikumi ndipo unapokunja kushoto kwenda Kidatu na Mang'ula, makao ya hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Huko unatembea kwa miguu, gari linabaki chini. Maporomoko ya Sanje, yenye mita 170, yanahitaji karibu nusu siku kwenda na kurudi, ukiongozwa. Anza asubuhi, beba maji lita mbili kwa kila mtu, vaa viatu vyenye soli ya meno. Wengi huogopa kupanda. Kumbe magoti huumia kwenye kushuka, hasa mizizi ikiwa na unyevu. Fimbo ya kutembelea husaidia kuliko viatu vya bei ghali.

Rudi barabara kuu, kisha panda mlima wa Kitonga mchana. Malori hupanda kwa kujikokota, kona ni kali, na kupita gari jingine gizani pale ni kucheza na roho.

Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa, barabara ya Mbeya. Watu huenda kupiga picha minara ya udongo iliyochongwa na mmomonyoko, lakini hazina yenyewe imelala miguuni pako: zana za Zama za Mawe. Inama uangalie shoka moja. Lina umbo la chozi, na makovu ya kuchongwa yapo pande zote mbili. Jiwe lililovunjika lenyewe halina mpangilio huo. Usiliokote wala kuligeuza. Likihama, ushahidi wa tabaka lilimotoka umepotea.

Kalenga usiifanyie safari yake peke yake, kwani iko njiani kuelekea Ruaha. Usitarajie kuta ndefu: Wajerumani waliiangusha ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana nao, mwaka 1894. Cha kuona ni makumbusho, lilimo fuvu lake lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mwombe mwongozaji akuonyeshe ngome ilipopita.

Jaza mafuta Iringa. Ruaha ni kilomita 130 hivi, na ndani utazunguka sana. Vaa kaki au kijivu, maana mbung'o hufuata bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kiangazi kikikolea, nenda kwenye mchanga wa mto Mwagusi. Tembo huchimba visima kwa miguu na mkonga, kisha husubiri maji yatuame. Zima injini kwa mbali, acha njia yao wazi. Akikukabili huku ametandaza masikio, rudi nyuma polepole.