Diski za mifereji zinapopiga kelele: kutafuta chanzo na kufunga upya

Ukifunga diski za breki za mifereji au za matundu kwenye Subaru Impreza, Forester au gari jingine lolote, usitarajie ukimya wa diski za kiwandani. Mfereji ukipita chini ya pedi (kipande kinachobana diski ukifunga breki) huikwangua, na hapo hutoka muungurumo mdogo unaopanda na kushuka kufuata mwendo wa gari. Huo si ugonjwa, na hakuna grisi itakayouondoa. Kinachotibika ni filimbi, mkwaruzo usiokoma na mtetemo.

Hatua ya 1: Jua ni kelele ipi

Mkwaruzo wa kilomita chache za mwanzo ni zinki au rangi ya diski inayolika. Uache.

Mkwaruzo unaosikika hata mguu ukiwa mbali na pedali mara nyingi ni bati la vumbi nyuma ya diski. Livute kwa mkono milimita 2 au 3 mbali na diski.

Filimbi ya mwendo mdogo, kama unapoingia kwenye maegesho, nenda hatua ya 4.

Mdundo unaotikisa usukani au pedali ukifunga breki kwenye mwendo wa 80 kwenda juu, usiruke hatua ya 3.

Hatua ya 2: Fungua

Jeki, stendi, tairi, kisha kalipa (kibano kinachoshika pedi). Kalipa itundike kwa waya, isining'inie kwenye paipu yake. Diski ikigoma, Subaru ina matundu mawili ya M8 kwenye kofia ya diski (sehemu ya katikati iliyoinuka): ingiza bolti mbili, zikaze kwa zamu, itatoka yenyewe. Nyundo haina kazi hapa.

Hatua ya 3: Safisha habu (kitovu ambacho diski hufungwa juu yake), kisha pima

Hapa ndipo saa zinapopotea. Lawama huangukia diski ("imepinda"), inarudishwa dukani, mpya inafungwa juu ya kutu ileile, na baada ya wiki chache mdundo umerudi. Diski ni pana karibu mara mbili ya habu, kwa hiyo chembe ya kutu ya milimita 0.03 kwenye ukingo wa habu huwa takriban 0.06 kwenye ukingo wa diski. Kila mzunguko pedi hugusa sehemu ileile, diski hulika bila usawa, na mtetemo huzaliwa hapo.

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 120 hadi uone chuma kitupu. Kutu mbaya hujificha kwenye shingo ya kila bolti ya tairi, mahali ambapo brashi kubwa haifiki. Tumia brashi ndogo ya duara inayofungwa kwenye drili. Sugua na ndani ya kofia ya diski, hata kama ni mpya, maana rangi ikiganda kwa donge hufanya kazi ileile ya kutu. Usipake grisi nzito kati ya diski na habu.

Rudisha diski, ifunge kwa nati zote tano zenye washa bapa chini yake, kwa nguvu sawa. Weka gia huru, magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa juu. Sasa chukua geji ya saa yenye stendi ya sumaku, uzungushe diski kwa mkono na usome inayumba kiasi gani. Ncha yake huwekwa kama milimita 10 kutoka ukingoni, lakini kwenye diski za mifereji itadumbukia na mshale utaruka ovyo. Tafuta mkanda mwembamba wa nje ambao mifereji haifiki. Kama haupo, soma kati ya mfereji na mfereji na upuuze miruko.

Watengenezaji wengi huruhusu myumbo wa kati ya milimita 0.05 na 0.10; lenga 0.05 au chini. Ikizidi, usikimbilie kuchonga. Vua diski, isogeze bolti moja, funga, pima tena. Jaribu nafasi zote tano, uweke alama ya rangi kwenye iliyo bora. Zote zikiwa mbaya, pima habu yenyewe: ikiyumba, shida ni habu au beringi, na diski haina kosa.

Kuchonga diski ya matundu kwenye lethi ni kuomba balaa, kisu hudunda kwenye kila tundu. Na matundu yana hatari yake: nyufa huweza kuanzia hapo. Chukua za mifereji.

Usibadilishe diski ya kushoto na ya kulia. Fuata alama za mtengenezaji, si mwelekeo wa mifereji.

Hatua ya 4: Pedi na pini

Pini za kalipa zisafishwe na zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha raba. Mgongo wa pedi na masikio yake vipate utando mwembamba wa grisi ya seramiki, na vibati vya kubania viwe vipya. Piga kingo za pedi msasa ziwe na mteremko wa nyuzi 45, milimita 2 hivi. Pedi za mashindano hupiga filimbi zikiwa baridi hata ufanye nini.

Hatua ya 5: Kaza na uzoeshe

Nati za tairi kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mpangilio wa nyota. Mashine ya upepo hukaza bila usawa na kuharibu kazi yote ya hatua ya 3.

Kisha, ili pedi na diski zizoeane, funga breki kwenye barabara tupu: mara 10 kutoka 60 hadi 10 kwa mguu wa wastani, halafu mara 8 kutoka 80 hadi 20 kwa nguvu zaidi. Usisimame kabisa ukiwa umekanyaga pedali, pedi ya moto huacha doa kwenye diski. Endesha kilomita 10 ipoe.

Filimbi ikibaki, badili aina ya pedi kwanza. Diski iguse mwisho.