Kivuli si cheusi: kitundu kwenye kadi

Hili nimelijua juzi nikichora Nyayo Gardens hapa Nakuru, baada ya kuharibu kanvasi mbili kwa vivuli vya rangi nyeusi. Chukua kadi nyeupe (mimi nilikata jalada la daftari), itoboe kitundu cha ukubwa wa dengu, inyooshe mbele yako, fumba jicho moja, kisha tazama kivuli cha mti kupitia kitundu hicho. Utashangaa: kwenye nyasi ni kijani chenye ubuluu, kwenye njia ya murram kinaelekea zambarau. Akili imezoea kusema “kivuli, basi cheusi”. Kitundu kinakuonyesha rangi peke yake, bila mti wala nyasi za kukudanganya. Na ubuluu huo si uchawi. Palipozibwa jua bado panaangazwa na anga la buluu. Ndiyo maana mchoraji Mfaransa Monet na wenzake, waliofanya maonyesho yao ya kwanza Paris mwaka 1874, walipaka vivuli buluu na zambarau, wakachekwa. Changanya rangi yako, pakaza tone ukingoni mwa kitundu, linganisha, rekebisha.

Hii hugoma kukiwa na mawingu mazito, kwani ubuluu hupotea na kivuli hakina ukingo. Kadi nayo ikipigwa na jua, weupe wake hukufanya uone kila kitu cheusi kuliko kilivyo, kwa hiyo ikinge kwa mwili wako. Mnaotumia akriliki (rangi ya kuchanganywa na maji), ongezeni weupe kidogo: ikikauka hukolea zaidi.