Ukiandika miongozo ya programu, iharibu kwanza programu yenyewe

Waandishi wengi wa miongozo ya kiufundi hapa Nairobi hunung'unika kwamba wahandisi huwaona kama wasahihishaji wa tahajia tu. Dawa ni kupitia hatua zote mwenyewe kabla ya kuomba kikao na yeyote.

Tuseme unaandika kuhusu malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha programu nyingine na M-Pesa. Tuma ombi la malipo kwa simu ya mteja, kisha ukosee makusudi. Andika nambari ya simu ikianza na 07 badala ya 254, uone linavyokataliwa. Katiza malipo kabla ya kuweka PIN: jibu hurudi na msimbo 1032. Simu isipopatikana, au mwenyewe asipojibu kwa wakati, ni 1037. Mwongozo unaoonyesha malipo yaliyofaulu peke yake hauna maana, kwa sababu msomaji huufungua akiwa amekwama.

Sasa nenda kwa mhandisi. Ukimuuliza "hii inafanyaje kazi?" atakujibu akiangalia saa. Muulize: "Nikipata 1037, nitume ombi jingine papo hapo au nikague kwanza hali ya muamala?" Hapo atavuta kiti, maana mteja anaweza kukatwa pesa mara mbili.

Wahudumu wa wateja nao usiwasahau. Waombe maswali yanayorudiwa zaidi, andika idadi yake kabla na baada ya kuchapisha ukurasa mpya, na uende na tarakimu hizo siku ya tathmini. Bosi hana muda wa kusifia ufasaha wako.