Delta-9 inapojificha: ninavyopima mafuta ya vepu ya hempu

Kwanza tuelewane kwenye jina. Kamusi zitakwambia hemp ni katani, lakini mimi ni mtoto wa Tanga, na kwetu katani ni mkonge. Hapa nasema hempu: mmea uleule wa bangi, ila sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 iliutaka usizidi asilimia 0.3 ya delta-9 THC (kemikali kuu ya bangi inayolevya) kwa uzito mkavu. Katriji nyingi (vichupa vya mafuta vya kuchomeka kwenye vepu, yaani sigara ya kielektroniki) zinazofika mezani kwangu, kwenye maabara huku Oregon, Marekani, zimejaa delta-8, ndugu wa delta-9, ambayo mmea wenyewe hutoa kidogo mno. Watu huitengeneza kwa kupika CBD (kemikali ya hempu isiyolevya) na asidi, na humo jikoni ndimo matatizo yanamoanzia.

Ukiletewa katriji, usikimbilie pipeti. Mafuta yake ni mazito kama asali iliyolala kwenye friji; nusu yatabaki ukutani. Yapashe kwenye oveni ya nyuzi 50 kwa dakika kumi yalegee, yatoe kwa sindano butu, kisha yapime kwa uzito: miligramu 100, mizani ya desimali nne. Tia kwenye chupa ya ujazo ya mililita 10, jaza methanoli hadi mstarini, tikisa. Inua chupa kwenye mwanga. Ukiona uzi mwembamba unajinyonganyonga ndani, bado hayajayeyuka.

Sasa zimua mara mbili tofauti, na wengi huruka hapa kwa uvivu. Kila mililita uliyonayo ina miligramu 10 za mafuta. Delta-8 ikiwa asilimia 80, hizo ni miligramu 8. Delta-9 ikiwa kwenye kikomo cha 0.3, ni mikrogramu 30 tu. Myeyusho mmoja hauwezi kuwahudumia wote wawili. Mimi huzimua mara 10 kwa ajili ya delta-9, na mara 100 kwa ajili ya delta-8. Chuja, halafu ingiza kwenye HPLC, mashine inayosukuma myeyusho kwenye kolamu, bomba linalotenganisha kemikali: kolamu ya C18, maji na asetonitrili zenye asidi ya fomiki kidogo, mwanga wa nanomita 228.

Hapa ndipo nilipoanguka mwaka wangu wa kwanza. Niliandika kwenye cheti kwamba delta-9 haikuonekana. Jedwali la kompyuta lilisema hivyo, nami nikaliamini. Msimamizi akafungua kromatogramu (mchoro wa mashine, kila kemikali na kilele chake) akaikuza: mbele ya kilele kikubwa cha delta-8 palikuwa na kijibega, kama mtoto anayechungulia nyuma ya kanga ya mamake. Delta-9 hutoka kwenye kolamu kidogo kabla ya delta-8, na kompyuta ilikuwa imewapigia wote mstari mmoja. Cheti kilirudi, nikapima upya siku nzima.

Usidhani kipima masi kitakuokoa peke yake. CBD, delta-8 na delta-9 zote zina uzito uleule wa molekuli, 314.5. Kinachozitenga ni kolamu na muda, kwa hiyo punguza kasi ya kupandisha asetonitrili hadi bonde kati ya vilele viwili lishuke karibu na sakafu.

Kisha chokoza sampuli. Iongezee stendadi ya delta-9, yaani delta-9 safi ya kulinganishia, kwa kiasi unachokijua. Kilele kikinenepa palepale na ukapata asilimia 80 hadi 120 ya ulichoongeza, endelea. Kikichipuka kilele kipya pembeni, uliyekuwa unamwita delta-9 ni mwingine, pengine iso-THC mojawapo (ndugu wengine wa THC) iliyozaliwa kwenye ile asidi.

Yaliyobaki yana mashine zake. Viyeyushi kama heptani na tolueni vilivyosalia kwenye upishi tunavitafuta kwa GC, mashine inayotenganisha kemikali zikiwa gesi, kwa kupima hewa iliyo juu ya sampuli iliyopashwa moto. Asetati ya vitamini E tunaitafuta kila mara, hata mteja asipoiomba: hadi Februari 2020 Marekani ilikuwa imehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa kwa ugonjwa wa mapafu wa vepu, 68 kati yao wamekufa, na asetati hiyo ilikutwa kwenye majimaji ya mapafu ya wagonjwa 48 kati ya 51 waliochunguzwa.

Kwa risasi, nikeli na kromiamu, kataa sampuli ya pipani. Dai mafuta yaliyokaa ndani ya katriji, maana baadhi ya metali hizo hutoka kwenye koili na viungio vyake.