Leseni ya ndoa hapa Marekani: jinsi ya kuipata kaunti na jinsi ya kutafuta kumbukumbu za ndoa baadaye

Ndugu zetu wengi wakifika Marekani wanadhani shughuli ya ndoa imeisha pale sheikh au mchungaji akishatangaza, picha zimepigwa, watu wamekula wameondoka. Kwa serikali hapo bado kabisa. Kuna karatasi mbili na watu wanazichanganya kila siku: leseni ya ndoa mnaichukua kabla, ni ruhusa tu ya kufunga ndoa, halafu cheti cha ndoa kinapatikana baada, leseni ikishasainiwa, ikarudishwa ofisini na kuandikishwa. Hapo katikati ndo watu wanaumia, manake leseni ikibaki kwenye droo ya mchungaji kaunti haina habari zenu, na siku mnapeleka uhamiaji I-130, ile fomu ya kumwombea mwenzi makaratasi, mkaambiwa leteni cheti, hamna cha kuleta.

Kwanza jueni mnaenda ofisi gani. Serikali kuu haina daftari la ndoa, kila jimbo lina utaratibu wake na majimbo mengi yamewaachia kaunti. Texas, Illinois, California na Nevada unaenda kwa karani wa kaunti, mlangoni imeandikwa County Clerk. Georgia na Ohio ni Probate Court, ile mahakama ya mirathi. North Carolina ni Register of Deeds, ile ofisi ya kuandikisha hati, Florida, Virginia na Maryland ni kwa karani wa mahakama, na Massachusetts na Connecticut kaunti haihusiki, unaenda kwa karani wa mji. Alabama wao tangu Agosti 2019 hawatoi leseni tena, mnajaza fomu, mnasaini mbele ya notari, mnaipeleka Probate Court ndani ya siku 30, basi. Pia hakikisheni jina la kaunti yenyewe, siyo la mji, kwa mfano mji wa Dallas umeingia kwenye kaunti zaidi ya moja.

Majimbo mengi leseni ya kaunti moja inatumika popote ndani ya jimbo hilo, ila Illinois na Maryland lazima ndoa ifungwe kaunti ile ile iliyotoa leseni, kwa hiyo kama ukumbi uko kaunti ya jirani leseni mkachukulie huko huko. Na leseni haivuki mpaka wa jimbo, hata kama ukumbi uko ng'ambo ya mto tu.

Halafu kuna muda, na hapa naomba msome polepole. Majimbo mengine ukipewa leseni lazima usubiri kwanza ndo ufunge ndoa, na leseni nyingi zina siku ya kuisha. Texas unasubiri masaa 72 na leseni inaisha baada ya siku 90. New York masaa 24, siku 60. Pennsylvania siku 3, siku 60. Michigan siku 3 na leseni inakaa siku 33 tu. Colorado hakuna kusubiri lakini inaisha siku 35. Nevada hakuna kusubiri na inakaa mwaka mzima, ndo maana watu wanakimbilia Las Vegas, ile ofisi ya Clark County inafungua mpaka saa sita usiku kila siku hata sikukuu, ada yao ni dola 102. Mkipanga harusi Jumamosi Texas halafu mkaenda kaunti Alhamisi mchana, mmeshachelewa, labda mmoja wenu awe mwanajeshi au muwe mmesoma lile darasa la ndoa la masaa 8 linalotambuliwa na jimbo, hilo linafuta kusubiri na ada inapungua. Minnesota nako ada ni dola 115 lakini mkimaliza masaa 12 ya mafunzo ya kabla ya ndoa mnalipa 40. Mimi nawaambia watu wasome hayo madarasa hata kama hela siyo shida, yana maswali ya hela na watoto na wakwe ambayo wachumba wengi hawajawahi kuulizana.

Aliyeingia kwa viza ya K-1, ile ya mchumba, ana siku 90 tu za kufunga ndoa tangu alipoingia, kwa hiyo hesabuni kusubiri, apoitimenti ya kaunti, na muda wa kupata cheti, vyote ndani ya hizo 90.

Cha kubeba: kitambulisho chenye picha cha kila mmoja, na kwetu wageni pasipoti ndo salama zaidi. Kwa kawaida mnaenda wote wawili, watu wengi wanatuma mmoja "akaulizie" anarudi mikono mitupu. Mnaweza kujaza fomu mtandaoni nyumbani lakini kusaini mara nyingi ni pale pale mbele ya karani. Wanaulizia namba ya Social Security, asiye nayo anasema hana. Watu wanaogopa eti karani ataulizia green card: leseni ya ndoa haihitaji uwe na makaratasi ya uhamiaji, karani anataka kujua wewe ni nani, una umri gani, na kama uko huru kuoa au kuolewa.

Hilo la kuwa huru msilichukulie kirahisi. Kama uliwahi kuoa, iwe Kinshasa, Mombasa au Houston, unatakiwa ndoa hiyo iwe imeisha kisheria, na kaunti nyingi zinataka tarehe ya talaka au hukumu yenyewe. Talaka ya mdomo tu isiyo na karatasi itakusumbua hata kama karani hakuuliza, manake uhamiaji watauliza. Na hata hukumu ikishatoka kuna majimbo yanakuzuia kidogo, Texas siku 30, Wisconsin miezi 6.

Sasa majina, na hapa nataka nikae. Kwetu mtu ana majina matatu, la kwake, la baba, la babu, na hapa fomu ina nafasi ya jina la kwanza, la kati, la mwisho. Pasipoti imeandika Juma Hamisi sehemu moja na Mwinyi sehemu nyingine, leseni ya gari inasema Juma Mwinyi, kadi ya Social Security inasema Juma H Mwinyi. Fuata pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama nyumbani wanakuita vingine. Wenye FNU (First Name Unknown, jina la kwanza halijulikani) kwenye viza, yaani wale ambao pasipoti ilikuwa na jina moja tu, muulize karani kabla hajachapisha ataliandikaje. Na tarehe: Wamarekani wanaanza na mwezi, kwa hiyo 04/07 kwao ni tarehe 7 Aprili, wewe uliyezaliwa tarehe 4 Julai andika 07/04. Karani akimaliza kuchapa atakugeuzia skrini au karatasi aseme angalia kama iko sawa, na foleni iko nyuma yako, mchumba ana haraka, watu wanasema "yes yes" wanasaini. Usisaini. Weka kidole chini ya kila neno, jina lako, jina la baba, la mama, mji uliozaliwa, tarehe. Kosa likionekana pale linafutwa kwa dakika moja, likishaandikishwa ni fomu za marekebisho, ushahidi, ada nyingine, na kuna majimbo lazima mahakama iagize. Kama unataka kubadili jina la ukoo baada ya ndoa uliza hapo hapo pia, California kwa mfano jina jipya linaandikwa kwenye leseni yenyewe kabla ya ndoa, ukiliruka ni mahakamani.

Siku ya ndoa leseni iwepo ukumbini, mpe mtu mmoja anayeaminika aibebe. Anayefungisha awe anaruhusiwa na jimbo hilo, Ohio, Virginia na Minnesota lazima awe ameandikishwa kwanza, kwa hiyo kama mnamleta sheikh au padri kutoka jimbo lingine muulizeni mapema. Mashahidi kuna majimbo wanataka wawili, kuna wasiotaka hata mmoja, na Colorado wachumba wanaweza kujifungisha wenyewe bila mtu. Nikah ya msikitini peke yake bila leseni, au ndoa ya kimila sebuleni, kwenye majimbo mengi serikali haiitambui, na anayeumia mara nyingi ni mke siku ya mirathi au ya kutengana. Fanyeni nikah yenu kwa heshima zote, na leseni iwe pale pale.

Baada ya hapo anayefungisha anajaza, anasaini, anarudisha leseni ofisini. California ana siku 10, Texas 30. Msimwachie tu, wiki inayofuata mpigieni, na wiki mbili baadaye pigieni kaunti muulize kama imeandikishwa. Kile cheti kizuri chenye maua na rangi ya dhahabu mlichopewa kanisani ni cha ukumbusho tu, uhamiaji hawakipokei, wanataka nakala iliyothibitishwa ya kaunti au jimbo.

Kuna ambao mwenzao yuko mbali hawezi kuja. Kaunti ya Utah, kule jimbo la Utah, inatoa leseni na kufungisha ndoa kwa video, hata mkiwa nchi tofauti. Inafanya kazi, ila sheria ya uhamiaji haitambui ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja siku ya kufunga mpaka wawe wamekutana kimwili baada ya ndoa. Kwa hiyo panga safari baada ya ndoa na utunze tiketi na mihuri ya pasipoti.

Kutafuta kumbukumbu sasa. Swali la kwanza siyo mliishi wapi, ni leseni ilitolewa kaunti gani. Andaa majina yote mawili kama yalivyokuwa kabla ya ndoa na mwaka, hata wa kukadiria. Kaunti nyingi zina sehemu ya kutafuta mtandaoni, na jina likikataa jaribu kwa jina la mwenzi, geuza la kwanza liwe la mwisho, andika herufi tatu za mwanzo tu, jaribu Mwinyi bila w, jaribu Omari na Omar, manake aliyeingiza labda hakuwahi kusikia jina hilo. Wengine wanakimbilia ofisi ya jimbo, lakini Texas na Illinois jimbo linakupa barua ya kuthibitisha tu, Texas kuanzia 1966 na Illinois 1962, nakala yenyewe iko kaunti. California kuna nakala ya mhusika na kuna ya taarifa tu, hiyo ya pili haitumiki kuthibitisha utambulisho, na kama mlichukua leseni ya siri (confidential, ambayo kumbukumbu yake haiwekwi wazi kwa watu) ni ninyi wawili tu mnaoweza kuipata, mwingine mpaka mahakama iagize. Ukiagiza mtandaoni hakikisha ni tovuti ya kaunti yenyewe au ile inayokuelekeza, kuna kampuni zinatoza mara mbili kukufanyia fomu ambayo ungejaza mwenyewe.

Za zamani nazo zipo. Cook County, Chicago, zinaanzia 1871 kwa sababu za nyuma yake ziliungua kwenye moto mkubwa wa mwaka huo. Kama mwenzako ni Mmarekani mweusi anatafuta ya mababu wa kusini, kaunti nyingi zilikuwa na vitabu tofauti vya weupe na weusi, kwa hiyo ukiambiwa hakuna, uliza kitabu cha pili. Na baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani kuisha 1865, Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali ya kusaidia watu walioachwa huru, waliandikisha ndoa za watu waliotoka utumwani, hizo unazisoma bure kwenye tovuti ya FamilySearch.

Mwisho, kama cheti kinaenda nyumbani kutumika, agiza nakala mbili au tatu kwa mkupuo. Nchi iliyo kwenye mkataba wa Hague wa 1961 inataka apostili, yaani uthibitisho wa kwamba karatasi ni halali kutumika nje, inatolewa na ofisi ya Secretary of State wa jimbo lililotoa cheti, isiyo kwenye mkataba kinapita jimbo, kisha wizara ya mambo ya nje Washington, kisha ubalozi. Na kuna majimbo kabla ya yote hayo yanataka saini ya karani ithibitishwe kaunti kwanza, kwa hiyo ukiwa dirishani kuchukua nakala mwambie karani kabisa kwamba ni ya kwenda nje ya nchi.