Somo: Kuomba ruzuku ndogo kwa wakfu za familia Uingereza

Ndugu zangu, vikundi vyetu hapa Uingereza, vya madarasa ya Kiswahili ya Jumamosi, vya akina mama, vya wazee, hukimbilia mifuko mikubwa yenye fomu ndefu na waombaji wengi mno. Kumbe zipo wakfu za familia, yaani mifuko ya hisani iliyoanzishwa na ukoo, zinazotoa pauni 500 au 2,000 kimyakimya mwaka hadi mwaka. Nyingi hazina tovuti wala mfanyakazi. Wadhamini, yaani wasimamizi wa wakfu, ni ndugu wa ukoo mmoja, pengine na wakili wao, wanaokutana mara chache kwa mwaka kupitia barua zilizoingia. Anayeisoma barua yako ndiye anayeamua, kwa hiyo mwandikie yeye.

Hatua ya 1: Karatasi za kikundi

Katiba iliyotiwa saini, viongozi wasiopungua watatu, akaunti ya benki kwa jina la kikundi yenye watia saini wawili wasio ndugu, na hesabu za mwaka uliopita, hata ukurasa mmoja. Mkihudumia watoto, muwe na sera ya kuwalinda.

Hatua ya 2: Usome wakfu kabla hujaandika neno

Kazi kubwa iko hapa, na ndiyo wengi wanairuka. Charity Commission, msajili wa mashirika ya hisani wa England na Wales, ana sajili ya bure mtandaoni. (Scotland na Ireland ya Kaskazini wana wasajili wao.) Fungua ukurasa wa wakfu, nenda kwenye hesabu za mwaka, shuka hadi kurasa za mwisho. Mara nyingi utakuta orodha ya waliopewa na kiasi walichopewa.

Kusudi la wakfu huandikwa kwa upana, kwamba unasaidia hisani ya aina yoyote. Orodha ndiyo inayosema kweli. Ukiona hospitali za wagonjwa wasiotarajiwa kupona, makanisa ya vijijini na vikundi vya vijana wa wilaya moja, umeshajua mioyo yao iko wapi. Ruzuku zikiwa za pauni 500 hadi 1,000, usiombe 5,000. Majina yakiwa yaleyale kila mwaka, waache, nenda kwa wakfu mwingine. Na wakisema hawapokei maombi, waheshimu, usiandike.

Wakfu wenye mapato yasiyozidi pauni 25,000 kwa mwaka huenda usiwe na hesabu kwenye sajili. Waandikie kuomba nakala. Sheria inakupa haki hiyo, ingawa wanaweza kukutoza gharama ya kuitoa.

Hatua ya 3: Barua

Kurasa mbili zinatosha. Sentensi ya kwanza itaje nyinyi ni nani, mnaomba kiasi gani, cha nini: “Tunaomba pauni 1,400 ili watoto 30 wa familia za Waswahili wa mji huu waendelee kusoma Kiswahili kila Jumamosi.” Msomaji asitafute ombi kwenye aya ya tano. Maneno kama “kuijengea jamii uwezo” yaacheni. Semeni mtoto anafanya nini anapofika darasani.

Kisha bajeti. Tuseme ukumbi ni pauni 20 kwa saa, saa mbili, Jumamosi 36: pauni 1,440. Vitabu 300, nauli za walimu 260. Jumla 2,000. Wazazi wamechanga 600, mnaomba 1,400. Msiuache mchango wa wazazi, hata ukiwa mdogo. Mdhamini akiuona anajua watu wenyewe wanaitaka kazi hii.

Hatua ya 4: Kutuma na kungoja

Tumeni kwa njia waliyoitaja, hata kama ni posta. Wengi hawajibu wasipotoa, msikate tamaa. Mkipata, shukuruni wiki hiyohiyo, tunzeni risiti, na fedha zikiisha wapelekeeni taarifa fupi bila kungoja kuulizwa.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Leicester: Hatujasajiliwa. Tunaweza kuomba?*
Dada, baadhi wanakubali, wengi wanataka namba ya usajili. Shirika la hisani la kawaida England na Wales hutakiwa kusajiliwa mapato yakipita pauni 5,000 kwa mwaka. Kwa sasa tafuteni shirika lililosajiliwa lipokee fedha kwa niaba yenu, kwa makubaliano ya maandishi.

*Kaka wa Mwanza: Sisi tuko Tanzania. Tuandike moja kwa moja?*
Kaka, mara nyingi itakataliwa. Wakfu nyingi ndogo hutoa kwa mashirika yaliyosajiliwa Uingereza tu, kwa sababu wadhamini hawana namna ya kufuatilia fedha ng’ambo. Sajili inaonyesha nchi ambazo shirika linafanya kazi. Tafuta lililosajiliwa Uingereza linalofanya Tanzania kazi kama yenu, muombe pamoja.

*Nimepigiwa simu kwamba tumepata ruzuku, tulipe ada kwanza.*
Usilipe hata senti. Huo ni utapeli.

*Mzee wa Birmingham: Kiingereza changu ni cha kawaida.*
Shikamoo mzee. Hicho hicho kinatosha. Mpe kijana akusahihishie tahajia, lakini asiyabadilishe maneno yako. Mwisho weka namba ya simu ya mtu anayeijua bajeti kichwani, maana mdhamini akipiga atauliza juu ya fedha.